Tulikuwa na Miji

Baba mdogo alinipokea stendi mwezi Desemba, na kabla hatujamaliza kusalimiana akaniambia kuna barua ya kuandika. Kichwani alikuwa ameshaipanga. Kilichobaki ni mtu wa kuinyoosha iwe ya kiofisi. "Wewe ndiye tuliyekusomesha," akasema. Nyumbani kwetu sentensi hiyo hufunga mjadala.

Barua ilikuwa ya kwenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Ilihusu kilima kilicho mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka barabarani, mahali ukoo wetu ulipoishi hadi mwaka 1974. Leo kilima hicho kimepandwa misindano na mzee mmoja wa kijiji chetu. Miti ina miaka kama minne. Ikikomaa itakuwa fedha, na kila mtu mkoani Njombe anajua hivyo, kwa sababu malori ya magogo na mbao hayaishi barabarani. Baba mdogo alitaka kilima kirudi kwetu. Bibi, ambaye ni mama yake, alikuwa amekaa karibu na moto akimenya viazi, hakusema neno. Baba mdogo alipotoka ndipo akaniuliza swali moja tu: "Hiyo barua itasema chochote kuhusu mtoto?"

Mtoto ni dada wa baba yangu, uzao wa kwanza wa Bibi. Alikufa kwa surua mwaka 1973, akiwa na miaka miwili, akazikwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye mianzi. Mwaka uliofuata wakahamishwa.

Mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu Operesheni Vijiji, zenye tanbihi zilizokaa vizuri. Barua ya ukurasa mmoja ndiyo iliyonishinda. Nimekaa nayo miezi sasa, na badala yake nimeandika haya.

*

Wengi wetu tulikutana na habari hizi darasani, kwenye swali la "eleza faida na hasara za vijiji vya ujamaa". Faida tano, hasara tano, alama ishirini. Nataka kuirudia historia hiyo kwa ufupi, kwa sababu kuna kitu katikati yake ambacho swali la mtihani hulirukia.

Azimio la Arusha lilitoka Februari 1967. Septemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Ujamaa Vijijini: watu waishi pamoja, walime pamoja, wagawane matunda ya kazi yao, na wafanye hivyo kwa hiari. Neno hiari si la kwangu kumpamba. Mwaka 1968, katika andiko la Uhuru na Maendeleo, alisisitiza kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe, na kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, mtu yuleyule alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Chama cha TANU kilitaka hadi mwisho wa 1976 kila mwananchi wa mashambani awe kijijini. Mwaka 1977 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 vijijini. Ni moja ya misafara mikubwa ya kuhamisha watu iliyowahi kufanyika Afrika, na sehemu kubwa yake ilimalizika kwa miaka mitatu.

Kitu kinachorukiwa ni hiyo miaka mitano. Si kwamba Mwalimu hakujua. Alijua, akaandika, tena kwa ufasaha kuliko wakosoaji wake wote waliokuja baadaye. Kisha akaona watu hawaji, au wanakuja polepole mno, na nchi haina muda. Ninapowaza kuhusu dhuluma, hii ndiyo sura inayonisumbua zaidi: mtu mwema mwenye haraka.

Milima yote haikuguswa sawa. Kilimanjaro na Bukoba, ambako migomba na watu vilikuwa vimejaa hadi hakuna pa kupanga mistari, ziliachwa kwa sehemu kubwa. Kwetu, Nyanda za Juu Kusini, nyumba zilikuwa zimetawanyika mgongo wa kilima hadi mgongo wa kilima, na kutawanyika ndiko kulikoonekana kuwa ugonjwa. Wakati huo Njombe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, mkoa ambao ulikuwa umeshamwaga damu kwa ajili ya ujamaa. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, akamuua. Mwamwindi alihukumiwa, akanyongwa. Chuo cha ualimu kilichopo Iringa kinaitwa Kleruu hadi leo. Bibi anakumbuka habari ile ilivyofika kilimani kwa redio ya jirani. Anasema wazee waliacha kunywa, wakakaa kimya, kisha mmoja akasema, "Basi watakuja na huku."

*

Walikuja. Bibi husimulia hivi, na kila mara kwa mpangilio uleule:

"Balozi wa nyumba kumi alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alikunywa ulanzi wetu, tukacheka. Mara ya pili alikataa kukaa. Mara ya tatu alikuja na mgambo."

Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele. Waliambiwa wachukue wanachoweza kubeba, kwa sababu lori lisingeweza kupanda kule. Bibi alibeba chungu, jembe, blanketi na kuku wawili. Babu alimbeba mama yake. Jiwe la kusagia lilibaki. Walipokuwa bado hawajafika mtoni, Bibi aligeuka akaona mgambo wako juu ya nyumba wanaezua nyasi, ili watu wasirudi usiku. Hasemi walichoma. Kuna waliochomewa kwenye vilima vingine, yeye nyumba yake iliezuliwa, na analitaja neno hilo kwa uangalifu, kama mtu asiyetaka kuongeza chumvi mahakamani.

Chini, kando ya barabara, walionyeshwa vigingi viwili. Hapa hadi hapa ni kwenu. Walilala chini ya kibanda cha majani, mvua ikinyesha. Mtu wa kwanza kuzikwa kwenye makaburi mapya ya kijiji alikuwa mama yake Babu, na Bibi anasema ni baridi iliyomuua, ingawa pengine ni uzee tu. Msimu ule njaa ilikuwa ya nchi nzima, ukame na uhamisho vikiwa vimekutana.

Kuna mzaha wake mmoja ambao nilikuwa nausikia tangu utotoni bila kuuelewa. Akiulizwa kulikuwaje kule juu, husema: "Tulikuwa na miji. Wakatupa vijiji." Niliuelewa nikiwa chuoni, usiku, nikisoma kitu kingine kabisa. Kwa watu wa kwetu mji ni kaya: mtu na wake zake na watoto wake na zizi lake. Kila mtu mzima alikuwa na mji. Serikali ilikuja ikasema nyinyi mmetawanyika, njooni muishi kijijini. Yaani njooni kwenye mji mdogo. Hakuna aliyeliona tusi lililokuwa ndani ya kiambishi, isipokuwa wanawake waliokuwa wanamenya viazi.

Neno jingine ni mahame. Kamusi itakwambia ni mahali palipohamwa, palipoachwa na watu wake. Kwa wazee wa kwetu mahame yalikuwepo kabla ya ujamaa, na hayakuwa jambo la huzuni. Watu walihama. Ardhi ikichoka wanasogea, msiba ukizidi nyumbani wanasogea, wanaume wakienda mashamba ya mkonge Tanga kama manamba wengine hawarudi. Vilima vilijaa mahame ya zamani, na ukitaka maboga makubwa au tumbaku nzuri ulilima hapo, kwa sababu udongo wa mahali palipoishi watu na ng'ombe ni mweusi na una rutuba. Mahame yalikuwa ni kupumzika kwa ardhi. Baada ya mwaka 1974 neno likabaki lilelile, lakini likasema uongo kidogo. Kitenzi chake ni kuhama. Waliohama ni wao, kana kwamba waliamka asubuhi wakaamua. Kiswahili kina kauli ya kutendeshwa iliyo tayari kabisa, kuhamishwa, ila haikuingia kwenye jina la mahali.

*

Swali la kwanza nililojiuliza nilipokaa na karatasi ni kama nia inabadilisha chochote.

Fikiria Kenya, miaka ishirini kabla. Kuanzia katikati ya 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwakusanya Wakikuyu zaidi ya milioni moja katika vijiji zaidi ya 800, kwa muda usiofikia miaka miwili. Nyumba za kwenye migongo ya vilima zilichomwa, vijiji vikazungushiwa mitaro na ulinzi. Lengo lilikuwa kuwakatia Mau Mau chakula na habari. Hakuna mwanafunzi wa Afrika Mashariki atakayesita kuiita hiyo dhuluma. Sasa weka kando yake Operesheni Vijiji: lengo ni shule, maji, zahanati, usawa. Kiongozi ni wetu, tumemchagua, anavaa kama sisi, na mwenyewe alikufa bila utajiri. Je, nyasi zinazoezuliwa kwa nia njema ni tofauti na zinazochomwa kwa nia mbaya?

Jibu la haraka, ambalo wenzangu wa semina hulipenda, ni kwamba kwa anayeezuliwa hakuna tofauti. Sikubaliani nalo. Nilimuuliza Bibi kama angeweza kuwa na hasira kwa Nyerere, akanitazama kama niliyepotea. "Hasira ya nini? Alitaka tusome." Na alisoma kweli. Aliingia ngumbaru akiwa na mtoto mgongoni, akajifunza kuandika jina lake, na mpaka leo husoma Biblia kwa sauti, neno kwa neno, akifuatisha kidole. Nia ilifika. Ilichelewa, ikapitia juu ya paa lake, lakini ilifika, na mtu aliyetendewa anajua tofauti ya kunyang'anywa na kulazimishwa kupokea. Anachokataa ni kwamba kimoja kifute kingine.

Hapa kuna jambo ambalo sikujua nilifanyie nini nilipolisikia. Zahanati ilifunguliwa kijijini. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, na miaka michache baadaye wauguzi walikuwa wanachoma sindano ya surua chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji. Watoto sita wa Bibi waliozaliwa chini, baba yangu akiwa wa kwanza wao, walipona wote. Jioni moja Desemba hiyo alisema, bila mimi kumuuliza, huku akigeuza kuni: "Kama wangetuhamisha mapema, labda angepona." Akanyamaza. Kisha akasema: "Ila wasingeezua."

Nimeshasoma makala nyingi za kitaaluma kuhusu mizani ya Operesheni Vijiji: huduma za jamii zilipanda, uzalishaji ulishuka, kwa hiyo hivi au kwa hiyo vile. Sentensi mbili za Bibi hazina "kwa hiyo" katikati. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu hajazoea kujenga hoja. Sasa nadhani anajenga hoja vizuri kuliko sisi. Anajua kwamba zahanati haikuhitaji nyumba yake iezuliwe mbele ya macho yake. Haya mambo mawili yalifungwa kwenye furushi moja na watu fulani, siku fulani, na kisha sisi tuliokuja baadaye tukafundishwa kuyahesabu kana kwamba yalizaliwa mapacha.

*

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi kwa sababu lilinihusu.

Mama yangu anatoka kilima kingine, ng'ambo ya bonde, nusu siku kwa miguu kutoka kwetu. Ukoo wake na wetu haukuwa na kawaida ya kuoana. Yeye na baba walikutana darasa la tatu, dawati moja, kwenye shule ya kijiji iliyojengwa kwa matofali waliyofyatua wazazi wao waliohamishwa. Bila vigingi vile mimi sipo. Sisemi ningekuwa maskini zaidi, au nisingesoma. Nisingekuwepo kabisa, angekuwepo mwingine.

Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit alilishughulikia fumbo hili katika kitabu cha mwaka 1984, Reasons and Persons. Kama sera fulani ndiyo sababu ya mimi kuzaliwa, nawezaje kusema sera hiyo imenidhuru? Ningelalamika kwa niaba ya nani? Nilipoisoma mara ya kwanza nilifarijika vibaya. Ilikuwa kama kupewa ruhusa ya kunyamaza. Mimi ni mtoto wa operesheni, basi na nishukuru.

Faraja hiyo haikudumu, na sababu yake ni rahisi sana. Mimi siye mlalamikaji. Aliyedhulumiwa yupo, amekaa pale anamenya viazi, na alikuwepo kabla ya vigingi. Fumbo la Parfit linanihusu mimi, halimhusu yeye. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa mimi ni tunda la jambo lile, basi ndiye jaji wake. Ninaweza kufurahi kwamba nipo na bado nikakiri kwamba njia niliyopitia ilikanyaga mtu. Jambo ambalo siwezi, na hapa ndipo barua ilipoanza kukwama, ni kujigeuza mdai. Baba mdogo alizaliwa mwaka 1979. Hajawahi kupanda kilima kile. Kila aliposema "kwetu" alikuwa anaonyesha kwa kidole upande ambao si wenyewe.

*

Hata hivyo nilianza kuiandika, kwa sababu nilisomeshwa. Nikaanza na sheria.

Kuanzia miaka ya 1980, mkono wa serikali ulipolegea, watu wengi nchini walianza kurudi kwenye mahame yao au kuyadai mahakamani. Wengine walishinda. Serikali ikapeleka bungeni sheria ya mwaka 1992 ya kufuta haki za kimila za ardhi zilizokuwepo kabla ya Operesheni Vijiji, na hata kuzuia mahakama kusikiliza madai hayo. Mzee mmoja wa Mbulu, Lohay Akonaay, na mwanawe walikuwa wamerudishiwa ardhi yao na mahakama kabla ya sheria hiyo. Wakaipinga. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na inalindwa na Katiba kama mali nyingine. Ni hukumu nzuri kuisoma. Niliisoma nikiwa nimesimama.

Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Kifungu cha 15 kinasema kwamba ardhi aliyogawiwa mtu kijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 aligawiwa kihalali, na kwamba mgao huo unahesabika kuwa ulizima haki za kimila za aliyekuwepo kabla. Nilikasirika. Ni kama mtu anayefunga mlango leo na kusema ulikuwa umefungwa tangu juzi. Nikaandika aya mbili kali kuhusu hilo, aya ambazo Baraza la Ardhi la Kijiji lisingekuwa na la kufanya nazo.

Nilipokuwa natafuta tarehe mzee yule aliyopewa kilima, nilikwenda kwa mwenyekiti wa zamani wa kijiji. Anakumbuka: 1975, kamati ilimpa kwa sababu familia yake ilikuwa kubwa na eneo la barabarani halikutosha. Basi, kifungu cha 15 kinamlinda. Halafu mwenyekiti akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyeliuliza swali hilo mara nyingi: "Na nyumba yenu imejengwa kwa nani?"

Jibu nilikuwa nalijua. Kila mtoto wa kijijini kwetu analijua, tunalijua tu kama matani. Nilisoma na kijana ambaye babu yake ndiye aliyekuwa na eneo lote la barabarani kabla ya operesheni. Tukigombana uwanjani alikuwa anatuita "watu wa vigingi". Nyumba yetu, shamba letu la viazi, nusu ya uwanja wa shule, yote yalikuwa mji wa babu yake. Yeye hakuhamishwa. Alihamiwa. Walimwambia asogee, wakampimia vigingi viwili kama wengine kwenye ardhi aliyozaliwa, na kaya zilizoshuka milimani zikapangwa juu ya mahindi yake. Hakuna mahame ya kumwonyesha mtu. Mahame yake yako chini ya kitanda changu.

Kwa hiyo kila neno nililokuwa nimeliandika kumdai mzee wa misindano lilikuwa linaweza kuchukuliwa na yule kijana, likabadilishwa majina, likaletwa kwetu. Kama kilima ni chetu kwa sababu tulikuwepo kwanza, nyumba ni yao. Kama nyumba ni yetu kwa sababu kamati ilitugawia, kilima ni cha mzee. Sioni njia ya kushika vyote viwili bila kusema kwamba sheria ni nzuri ikiwa upande wangu. Nilimwambia baba mdogo hivyo. Akasema, "Wale hawajaandika barua. Sisi ndio tunaandika." Ni kweli, na ndivyo mambo mengi ya nchi hii yanavyoamuliwa, lakini siwezi kuiita haki.

Sitaki kuishia hapo, kwenye ule usemi wa kwamba yaliyopita si ndwele. Usemi huo hutumiwa zaidi na wenye kumiliki miti. Kushindwa kurudisha ardhi hakumaanishi kwamba hakuna deni. Kuna madeni ambayo hayalipwi kwa kitu kilekile kilichochukuliwa, na mtu wa pekee anayejua yanalipwa kwa nini ni mdai mwenyewe. Katika zogo lote la barua hakuna aliyekuwa amemuuliza Bibi anataka nini. Alikuwa ameshasema, siku ya kwanza.

*

Tulikwenda kwa mzee asubuhi, mimi na Bibi. "Kamwene," Bibi akasema mlangoni, akaitikiwa, tukakaribishwa chai. Walizungumza kuhusu mvua na bei ya mbolea kwa muda ambao mimi niliona mrefu mno. Kisha Bibi akasema ana mtoto wake kule juu na angependa kumwona.

Mzee aliweka kikombe chini. Alisema hakuona kaburi. Alipanda kwa vibarua, vijana, waliolipwa kwa idadi ya mashimo, na nyasi zilikuwa ndefu. Alisema hivyo mara mbili. Akavaa mabuti, akaja nasi.

Bibi ana miaka sabini na ushee, tulipanda kwa saa tano badala ya tatu. Misindano inapendeza kwa mbali. Ndani yake hakuna ndege wengi, na mistari imenyooka kwa namna iliyonifanya nifikirie vigingi. Sikujua tutapatambuaje. Bibi hakuwa na shaka. Alitafuta mianzi, ambayo vibarua hawakuweza kuing'oa, na mfyulisi mmoja mzee uliokuwa umeinamishwa na matunda, maana Desemba ndiyo mafyulisi yanaanza kuiva. Kutoka hapo alihesabu hatua. Jiwe la kusagia lilikuwa limezama nusu kwenye udongo, kinywa chake kimejaa sindano kavu za miti. Hakuligusa. Alisogea mbele kidogo akasimama kati ya miti miwili iliyo sawa na mingine yote, akasema, "Ni hapa."

Hakulia. Nililia mimi, kidogo, na mzee akajifanya anafunga kamba za mabuti.

Mzee alisema anaweza kuikata ile miti. Bibi akaihesabu iliyozunguka pale. Kumi na mmoja. Alifikiri kwa muda, akasema iachwe, maana ikikatwa sasa mizizi itaoza na udongo utabonyea. Alichotaka ni vitu viwili. Tuweke mawe, ili mtu akipita ajue. Na siku ya kuvuna, magogo yasiburuzwe hapo, yapitishwe upande wa mianzi. Mzee akasema sawa. Akaniambia mimi niandike, yeye ataweka dole gumba, na wanawe washuhudie. Hiyo niliiandika. Ilichukua mistari minne.

Tulipokuwa tunakusanya mawe, mzee alinisogelea. Alikuwa amesikia kuhusu barua nyingine, kijijini hakuna siri. Nikajiandaa kujitetea. Akasema kwao wao ni ng'ambo ya mto, mgongo wa tatu ukihesabu kutoka pale, siku hizi ni kijiji kingine, na kule pia pamepandwa miti, ya mtu wa mjini asiyemjua. Baba yake yuko huko. "Ukimaliza ya kwenu," akasema, "uje uniandikie na mimi." Sikumwona akitabasamu, kwa hiyo sijui kama alikuwa ananitania.

Bibi alishuka na mafyulisi kwenye kitenge, mengi kuliko aliyoweza kubeba, nikamsaidia. Baba mdogo alikuwa anatusubiri nje, amekaa kwenye kigoda. Alichukua moja, akalifuta kwa shati, akala. Akachukua la pili. Akasema ni matamu, afadhali kuliko ya sokoni. Kisha akaniuliza barua imefikia wapi.